Mwanariadha Asilazimishwe Kuimba

*Swali: Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya riadha hapa Iten. Tunatafuta pesa za viatu vya vijana na nauli za kwenda mashindanoni. Mzee mmoja wa klabu ana CD ya Marekani iitwayo NFL Country, ya mwaka 1996, ambamo waimbaji wa kantri wamerekodi pamoja na wachezaji wa futiboli ya kule. Tukajiuliza kwa nini nasi tusiwakutanishe wakimbiaji wetu na waimbaji wa kantri wa huku. Je, wale wachezaji waliimba kweli? Wenzetu walifaulu? Na sisi tufanyeje tusije tukaaibika?*

Ndugu katibu, salamu kutoka Nakuru. Nimekaa nyuma ya mashine za kurekodi kwa miaka ishirini na tatu sasa. Nimerekodi kwaya, maharusi na wanasiasa, na kantri nimerekodi nyingi kuliko vyote hivyo kwa sababu ndiyo iliyonivuta kwenye kazi hii tangu utotoni. Swali lako limenifurahisha kweli.

Jibu fupi ni kwamba inawezekana. Kwa kantri inawezekana kuliko kwa muziki mwingine wowote ninaoujua. Ila msimgeuze mkimbiaji kuwa mwimbaji. Mpeni kazi ya kusimulia, na kuimba mwachieni mwenye kuimba. Mkilishika hilo, mengine yote yatakuwa mepesi.

Sasa nianze na hiyo CD ya mzee. Wazo lake ndilo hilo ulilolieleza: nyota wa kantri na mchezaji wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, kwenye wimbo mmoja. Wimbo wenye mafunzo zaidi kwenu ni ule wa Glen Campbell na Terry Bradshaw. Campbell hakuwa mwimbaji tu. Kabla hajapata jina alikuwa mpiga gita wa kukodiwa katika studio za Los Angeles, kazi yake ikiwa kuzipamba sauti za wengine, siku nzima, wiki nzima. Mtu aliyelelewa hivyo anajua kumpisha mwenzake, anajua wapi pa kujaza na wapi pa kunyamaza. Mkitafuta mwimbaji wa kumweka pamoja na mkimbiaji wenu, sifa hiyo itangulie ukubwa wa jina. Mwenye sauti kubwa asiyejua kupisha atammeza mgeni, na msikilizaji atabaki akijiuliza yule mwingine aliitwa kufanya nini.

Bradshaw naye hakuokotwa uwanjani siku ile. Ni mzaliwa wa Shreveport, Louisiana, aliyekuwa kwotabeki, yaani mpanga mashambulizi, wa timu ya Pittsburgh Steelers na kushinda Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, mara nne. Mwaka 1976, bado akiwa mchezaji, alirekodi wimbo wa zamani wa Hank Williams kwa kampuni ya Mercury, ukapanda hadi nafasi ya 17 kwenye chati ya kantri ya Billboard. Nafasi ya 17 haipatikani kwa kuhurumiwa. Lakini wako Wamarekani wengi waliokuwa na majina makubwa uwanjani na hawakuwahi kuukaribia mstari huo. Alichokuwa nacho Bradshaw ni mazoea. Kwao Louisiana nyimbo hizo zilikuwa hewani kama zilivyo nyimbo za kanisa kwetu, na alizikulia. Kwa hiyo mnapochagua wakimbiaji, msianze na yule mwenye medali nyingi. Anzeni na yule anayeonekana akitingisha kichwa taratibu kila redio ya matatu inapomleta Kenny Rogers au Dolly Parton.

Je, waliimba kweli? Hapa nitasema kama fundi. Mwaka 1996 ulikuwa bado kabla ya Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti, ambayo ilitoka 1997. (Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi aliyezoea kuchambua mitetemo ya ardhi kwa ajili ya watafutaji mafuta. Hesabu zile zile za kutafuta mafuta chini ya miamba akazileta kwenye koo la binadamu. Jambo hilo hunistaajabisha kila nikilikumbuka.) Kabla yake, sauti iliyopinda ilinyooshwa kwa jasho: mtu anarudia mara kumi na tano, fundi anachagua mstari mzuri kutoka mara ya tatu, neno zuri kutoka mara ya tisa, kisha anayaunga. Kwa hiyo sauti unayoisikia kwenye CD za wakati ule ni ya mtu mwenyewe, iliyochaguliwa na kushonwa vipande vipande. Leo mna mashine ya kunyoosha kila kitu, na nawaomba msiitumie kwa wakimbiaji. Sauti ya mtu asiye mwimbaji ikinyooshwa kwa mashine husikika kama bati. Kilichowafanya watu wamtake ni kwamba ni yeye, na hicho ndicho mashine inachokiondoa kwanza.

Sasa kwa nini nasema kantri inafaa kuliko nyingine? Kwa sababu tangu zamani ndani yake kuna mlango wa wasioimba. Kantri ina desturi ya nyimbo za kusimuliwa: gita na fidla zinapita polepole chini, na juu yake mtu anazungumza tu, kama babu aliyekaa mlangoni jioni. Hank Williams mwenyewe alirekodi nyimbo za namna hiyo kwa jina lingine kabisa, Luke the Drifter, ili mwenye baa aliyetaka nyimbo za kuchezwa asije akanunua hadithi bila kujua. Jimmy Dean alishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1961 kwa hadithi ya mchimba madini, iliyosimuliwa mwanzo hadi mwisho. Red Sovine alifika juu kabisa kwenye chati ya kantri mwaka 1976 kwa hadithi ya dereva wa lori na mtoto mlemavu, na humo karibu haimbi hata kidogo. Wapenzi wa muziki huo hawaoni kwamba wamepunjwa. Msimulizi anaheshimiwa sawasawa na mwimbaji, mradi hadithi ni ya kweli na anayeisema anaonekana kuwa aliiishi.

Mkimbiaji ameiishi hadithi yake. Hapo ndipo utajiri wenu ulipo, katibu.

Mimi nilijifunza hili kwa kukosea, na bado linaniuma. Miaka mingi iliyopita aliletwa studio mzee mmoja aliyekuwa amekimbia mbio ndefu ujanani, arekodi na kijana mwimbaji wa kantri wimbo wa kuchangia bweni la shule. Kijana aliimba kwenye ufunguo wa G, uliokaa vizuri kwake, nami nikauacha vivyo hivyo. Mzee alipofika kwenye kiitikio sauti ilimkatika. Nikamwambia arudie. Ikakatika tena. Nikaendelea kumrudisha, na nyuma ya kioo kulikuwa na vijana walioanza kucheka. Yule mzee, aliyewahi kushangiliwa na viwanja vilivyojaa, alivua vipokea sauti taratibu, akaviweka juu ya meza, akashukuru, akatoka. Hakurudi. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Sikumuuliza sauti yake inakaa wapi, na sikuufunga mlango wa kile chumba cha pili.

Miaka miwili baadaye alikuja mwingine. Yeye sikumwambia aimbe. Nilizima taa kubwa, nikampa chai, nikamuuliza ilikuwaje siku ya kwanza alipokimbia na viatu miguuni. Alisema kwa dakika nne. Alisema viatu vilikuwa vya binamu yake, vikubwa, akajaza majani makavu mbele, na kila alipokanyaga alisikia majani yakivunjika. Nilichukua maneno yale yale, nikapunguza kidogo tu, nikaweka gita moja chini yake, na mwimbaji akaingia kwenye kiitikio peke yake. Wimbo ule ulipigwa kwenye mazishi yake, na watu walitulia tuli.

Kwa hiyo kazi studio iende hivi. Wiki moja kabla ya kurekodi, mwimbaji aende Iten, asikae hotelini. Akae na huyo mkimbiaji, wale pamoja, amsikilize akiongea. Aandike maneno anayoyatumia mwenyewe. Mkimbiaji akisema "nilikata pumzi pale kwenye kona ya mti", basi wimbo useme kona ya mti, usiseme mapambano ya maisha. Kisha fundi amrekodi akiongea kawaida, atafute sauti yake ya mazungumzo imekaa kwenye noti gani. Mwanamume mzima akiongea huwa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 85 na 155 hivi, chini sana ya pale waimbaji wengi wa kantri wanapopenda kung'ara. Ufunguo uchaguliwe kutokana na yeye, na mwimbaji ndiye ajipange. Mwimbaji mzuri anaweza kuhamia, mkimbiaji hawezi.

Kama yuko mmoja anayetaka kuimba na anaweza kidogo, mtungieni mstari usiopita noti tano, ushuke mwishoni kama sentensi inavyoshuka. Sauti ya pili ya juu apewe mwimbaji. Watu wengi hudhani sauti ya juu ndiyo ngumu, kwa hiyo mgeni apewe ya chini asiharibu. Ukweli ni kwamba ugumu ni kushika njia yako wakati mwingine anaimba njia tofauti sikioni mwako. Mgeni apewe wimbo wenyewe, mwenyeji azunguke.

Mwendo wa wimbo nao una siri, na hii nimeipenda tangu nilipoifahamu. Wakimbiaji wengi wa mbio ndefu hukanyaga hatua 180 hivi kwa dakika. Wimbo wa kantri wa mapigo 90 kwa dakika unaingia humo kamili, hatua mbili kwa kila pigo. Mkimbiaji akisikia mapigo hayo mwili wake unatulia, kwa maana ndiyo saa aliyoizoea maisha yake yote. Nimewaona wakianza kutikisa goti bila kujua, na mara sauti inanyooka. Mapigo 120 msijaribu, hata kama mwimbaji anataka wimbo uchangamke.

Msirekodi baada ya mazoezi makali, koo likiwa limekauka na hewa baridi ya asubuhi ya huko juu. Mchana ni bora. Asimame, asikae. Maiki iwe karibu, kama kitanga kimoja cha mkono kutoka mdomoni, kwa maana sauti ya kusimulia inataka kusikika kama imo chumbani na msikilizaji. Studio ndogo isiyo na vifaa vingi itatosha kabisa, mradi kuna blanketi nzito ukutani na hakuna mabati yanayolia kwa upepo. Na hakuna watazamaji. Hilo nalisisitiza kwa sababu ya yule mzee wangu.

Umeuliza pia kama wenzetu walifaulu. Wako waliofaulu sana, lakini mfano mkubwa kuliko wote haukuwa wa kantri. Desemba 1985 wachezaji wa timu ya futiboli ya Chicago Bears walitoa wimbo wa kurapu, kila mmoja akijitambulisha kwa ubeti mfupi uliolingana na umbo na tabia yake. Ulifika nafasi ya 41 kwenye chati kuu ya Marekani, ukateuliwa kwa tuzo ya Grammy, na sehemu ya mapato ikawaendea maskini wa Chicago. Video waliipiga siku moja baada ya kufungwa na Miami, mechi pekee waliyopoteza msimu ule mzima. Fikiria nyuso zao asubuhi ile. Nyota wawili wa timu, Walter Payton na Jim McMahon, hawakufika. Walipigwa picha baadaye, wakaingizwa. Na mwezi wa Januari timu ile ilishinda Super Bowl kwa 46 kwa 10. Kama wangeshindwa, wimbo ule wa kujigamba ungekumbukwa kama fedheha. Ndiyo maana nawashauri maneno yenu yasijigambe juu ya mbio zijazo. Imbeni yaliyokwisha kutokea. Medali ya jana haiwezi kupotea kesho.

Kuna Mmarekani mmoja ningependa vijana wenu wamjue, hata kama hamtarekodi chochote. Mike Reid alicheza safu ya ulinzi ya Cincinnati Bengals kuanzia 1970 hadi 1974, na alichaguliwa mara mbili kwenye mechi ya nyota wa ligi. Mtu wa miraba minne, kazi yake ilikuwa kuwaangusha watu. Lakini chuoni Penn State alisomea muziki, piano hasa. Baada ya misimu mitano aliacha mpira akiwa bado na nguvu zake, akaenda kupiga piano mahali ambapo hakuna aliyemshangilia, na baadaye akahamia Nashville kuandika nyimbo. Aliandika kwa miaka. Ronnie Milsap aliimba utunzi wake, ukampa Reid tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa kantri. Kisha pamoja na Allen Shamblin akatunga *I Can't Make You Love Me*, ambao Bonnie Raitt aliuimba mwaka 1991, na ambao hata hapa kwetu hupigwa usiku wa manane redioni. Wengi wanaoulilia hawajui kwamba mmoja wa watunzi wake alikuwa mlinzi wa futiboli wa miraba minne.

Mwenyewe naona Reid ndiye anayetuonyesha njia ndefu. Albamu ya kuchangisha pesa ni ya mwaka mmoja. Lakini kati ya vijana wenu arobaini au hamsini, huenda yuko mmoja mwenye kalamu, ambaye goti lake halitamfikisha popote. Kurekodi huku kunaweza kumgundua.

Na katika kantri mtu wa namna hiyo si mgeni. Roy Acuff, aliyeitwa mfalme wa muziki huo, alitaka kuwa mchezaji wa besiboli. Mwaka 1929 jua kali lilimwangusha, na alipokuwa kitandani akipona ndipo alipojifunza fidla sawasawa. Jim Reeves, ambaye nyumba nyingi za wazee wetu zilikuwa na santuri zake, alikuwa mrushaji wa besiboli katika timu za chini za St. Louis Cardinals hadi alipoumia mshipa wa neva mwaka 1947. Akaenda kuwa mtangazaji wa redio, na kutoka hapo mwimbaji. Ile sauti yake laini iliyokuwa ikijaza sebule za Afrika Mashariki kila Jumapili ilitoka kwenye mwili ulioumia uwanjani.

Naye Charley Pride, mtoto wa wakulima wa pamba wa Sledge, Mississippi, alicheza katika ligi za watu weusi. Wakati mmoja timu yake ilimuuza pamoja na mwenzake ili ipate basi la kusafiria. Alipofika Montana, akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini cha East Helena, timu ya kiwanda ilimlipa dola 10 za ziada kuimba dakika kumi na tano kabla ya mechi. Mwaka 1971 alikuwa mtumbuizaji bora wa mwaka wa chama cha muziki wa kantri, mtu mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Zile dakika kumi na tano kabla ya mechi nawaomba mziangalie sana. Mna mashindano ya mbio za nyika, watu wamekaa kwenye nyasi wakisubiri saa nzima. Kabla ya kutumia hata shilingi moja studio, jaribuni nyimbo zenu pale, kwa spika moja na gita moja. Watakaoondoka na watakaosogea watawaambia yote.

Kuhusu lugha, sina shaka: wasimulie kwa lugha wanayoota nayo. Kama ni Kikalenjin, iwe Kikalenjin, na kiitikio kiwe Kiswahili ili Mombasa nayo iimbe. Msidhani kantri na Kikalenjin vimekutana leo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Pale wasichana walimwimbia wimbo juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu, nusu paa, wakimwita aje arukeruke na kucheza. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi anayeitwa baba wa kantri, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Sahani zake za gramafoni zilikuwa zimefika hadi kule, na wasikilizaji wakamtungia umbile linalolingana na sauti ile. Ukiusikia wimbo wenyewe, ukiwa na kinubi chini na sauti za wasichana juu, utaona kwamba hawakumuiga Rodgers hata chembe. Walimpokea wakamfanya wao. Kama mpiga kinubi bado yupo katika vijiji vyenu, mkodisheni kabla ya mpiga gita la stili.

Na waimbaji wapo. Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, ameimba kantri Nairobi kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba Mkenya anaweza kujaza ukumbi kwa muziki huo. Nyuma yake kuna vijana wengi Nakuru, Nyeri na Eldoret wanaopiga hotelini mwishoni mwa wiki. Hao wataelewa mnachotaka haraka kuliko msanii mkubwa mwenye meneja watatu.

Kwenye pesa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nimeona urafiki ukivunjika hapa. Kabla ya mtu yeyote kusogelea maiki, andikeni karatasi moja: nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, nani amesimulia, nani ameimba, studio ni ya nani, na kila mmoja anapata sehemu gani au anatoa sehemu yake kwa klabu. Wote waweke sahihi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamhesabu hata anayesema maneno tu kuwa mtumbuizaji mwenye haki, kwa hiyo msimwambie mkimbiaji kwamba yeye hakuimba na hana chake. Tungeni sauti mpya. Msichukue wimbo wa Mmarekani mkaubadilisha maneno. Kisha ulizeni ofisi ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni vyama vipi vya kukusanya mirabaha vina leseni mwaka huo, kwa kuwa leseni hizo zimekuwa zikibadilika, ndipo mjisajili.

Wakimbiaji wenyewe wana vifungo vyao. Mwenye mkataba na kampuni ya viatu aangalie kama picha yake inaweza kutumika kwenye jalada, na amevaa nini. Aliyeajiriwa polisi, magereza au jeshini aombe ruhusa kwa maandishi. Jambo dogo kama kofia yenye nembo linaweza kuisimamisha albamu nzima.

Mapato msiyatafute kwenye CD. Chapisheni chache za kuuza siku ya uzinduzi na za wazee kama huyo wenu. Miito ya simu ya Skiza inaweza kuwafaa zaidi: marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanasema mwenye kazi apate angalau asilimia 52. Kipande chenye nguvu huko ni kile cha sekunde chache ambacho mkimbiaji anasema jambo moja, kisha kiitikio kinaingia.

Ila kuna njia nyingine ninayoiona bora zaidi kwa klabu ya riadha. Garth Brooks, ambaye chuoni Oklahoma State alikuwa mrusha mkuki, mwaka 1999 alienda kufanya mazoezi ya kabla ya msimu na timu ya besiboli ya San Diego Padres. Uwanjani alipata pigo moja tu katika majaribio 22. Lakini mwaka ule alianzisha mfuko wa watoto ambamo wanamichezo huahidi kutoa kiasi fulani kwa kila jambo wanalolifanya mchezoni, na wafadhili huongeza juu yake. Nanyi uzinduzi wa albamu ufanyeni siku ya mbio. Kila anayekuja aahidi shilingi kadhaa kwa kila kilomita itakayokimbiwa na vijana, na nyimbo zipigwe kati ya mbio moja na nyingine, wenyewe wakisimulia jukwaani na jasho bado usoni. Watu hutoa wakiona. Mfadhili mmoja aliyemwona kijana akimaliza peku atawanunulia viatu kuliko wasikilizaji mia wa mtandaoni.

Nyimbo zisizidi nane. Na ya kwanza msimpe bingwa. Mpeni kocha wenu, hata kama anasema hana sauti. Aje nayo ile saa yake ya kubonyeza anayoivaa shingoni. Nataka mlio wake urekodiwe kwanza, peke yake, kabla gita halijaingia.